Kilima Tulichopanda Oloitokitok

Nilikuwa nimefundisha milima kwa miaka kumi na moja bila kupanda hata mmoja. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya upili pale Kitengela, na kila mwaka nilichora mlima wa volkano ubaoni kwa chaki za rangi: nyekundu kwa moto wa ndani, kahawia kwa miamba, nyeupe kwa theluji. Wanafunzi walisema hakuna mwalimu aliyechora kama mimi. Sikuwaambia kwamba mchoro ule niliutoa kitabuni, na kwamba mlima wenyewe niliujua kwa kuuona alfajiri chache za mwaka, mbali sana upande wa kusini, mdogo kama kipande cha karatasi kilichobandikwa angani.

Mume wangu alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Sisi sote wawili ni watu wa magharibi mwa nchi, tulikutana Kitengela tukiwa wageni wa kupanga, tukaoana katikati ya miaka ya tisini. Alianza kwa kukata mawe kwa mkono, akapanda hadi akawa msimamizi, na kila jioni alirudi mweupe wa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na haikuwahi kukosa mgeni. Kulikuwa na mdogo wake aliyekuwa akitafuta kazi, kisha dada yangu aliyekuwa chuoni, kisha binamu aliyesema anakaa wiki mbili akakaa mwaka. Halafu watoto wetu wawili wakaja. Katika miaka yote minane ya ndoa hatukuwahi kuwa peke yetu siku nzima, mimi na yeye.

Mwaka wa 2003 kifua chake kikagoma. Alilazwa hospitalini kwa wiki sita. Daktari alimwambia vumbi la mawe limemla mapafu, kwamba atapona lakini asirudi tena machimboni. Alitoka amekonda, na sauti yake, ambayo zamani ilisikika kutoka upande mmoja wa machimbo hadi mwingine, ilibaki kama ya mtu anayeongea kanisani. Alipata kazi ya kupokea maagizo ya mawe na mchanga, akiketi kwenye kiti kando ya barabara ya Namanga. Ndugu zake walianza kumwongelea kama mzee. Siku moja nilimsikia shangazi yake akimwambia mtu jikoni kwangu, "Huyo sasa ni wa kukaa tu." Nilishika kijiko nikakizungusha kwenye sufuria tupu.

Mwaka uliofuata, jioni moja mwezi wa Julai, nilikuwa nasahihisha mitihani mezani. Yeye alikuwa ameketi mbele yangu akiniangalia. Alichukua karatasi moja, akautazama mlima uliochorwa na mwanafunzi.

"Hii milima," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "wewe umeiona?"

"Kwa kitabu."

"Si hivyo. Umeenda ukasimama juu yake?"

"Nitaenda saa ngapi, baba watoto? Na nani?"

Akairudisha karatasi mahali pake, akainyoosha kona kwa kidole. "Watoto wanaenda kwa nyanya yao Agosti. Binamu ameenda. Niko na pikapu, haina kazi. Twende."

Nilidhani ni mzaha. Kesho yake nilipotoka shuleni nilimkuta uani na fundi wa kushona maturubai ya malori, wamepiga magoti, wanapima turubai la kijani kwa kamba. Alikuwa akishonesha hema. Vigingi alikuwa amekatiwa vya nondo kwa mchomeaji, vizito kiasi kwamba mfuko wake ulibebwa na watu wawili.

Habari zikaenea plotini tulikopanga. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Kwa nini watu wenye nyumba ya kodi waende kulala porini? Mmoja aliniuliza kwa upole kama tumefukuzwa. Aliyeelewa ni mmoja tu, mama wa Kisomali aliyekuwa na duka la rejareja kwenye kona, ambaye familia yake ilitoka kaskazini mashariki na mumewe aliuza mbuzi. Nilienda kwake kununua viberiti na mishumaa. Aliposikia ninakoenda aliketi juu ya gunia la mchele akaniangalia kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Mwalimu, mimi nimezaliwa ndani ya nyumba ya kubebwa na ngamia," akasema. "Skiza. Usilale kwa korongo, hata kama iko kavu kama hii sakafu. Maji inakuja bila kubisha. Na mlango wa hema uangalie mahali upepo unaenda, sio mahali unatoka."

Nikamshukuru. Aliingia nyuma ya duka akatoka na mkeka mzito uliosukwa kwa mkono. "Huu unarudi," akasema. "Mkija, unaniambia mliona nini."

Tuliondoka Jumanne asubuhi, wiki ya pili ya Agosti. Pikapu ilikuwa kuukuu, rangi yake ya samawati imebabuka, na mlango wa upande wangu ulifungwa kwa waya. Nyuma tulipakia hema, mkeka, blanketi nne, jiko la makaa, unga, dagaa wa omena, sukuma wiki, na mitungi miwili ya maji. Yeye ndiye aliyeendesha. Mimi nilikuwa na leseni ya miezi minne, na nilikuwa nimeendesha tu kutoka nyumbani hadi kanisani na kurudi, Jumapili, barabara ikiwa tupu.

Hatukuwa na ratiba. Tulipita Isinya, tukasimama Kajiado tukanywa chai na kununua nyama, kisha tukaacha lami tukashika barabara ya vumbi kuelekea Mashuru. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyoonekana akiwa hana mgeni wa kuhudumia. Aliendesha kiwiko kikiwa dirishani. Aliniuliza maswali ambayo hakuwahi kuniuliza: kwa nini udongo huu ni mwekundu na ule mweusi, kwa nini miti hii ina miiba na ile ya kwetu haina. Nikajibu. Nikajikuta naongea saa nzima bila mtu kuingia kuomba chumvi.

Jioni ile, kupita kidogo kituo cha Mashuru, tulipata boma la Wamasai kando ya barabara. Tuliomba ruhusa ya kulala karibu. Mwenye boma alikuwa mama wa makamo, mumewe akiwa mlinzi Nairobi. Nilijua salamu moja tu ya Kimaa, niliyofunzwa na wanafunzi wangu.

"Takwenya!" nikasema.

"Iko!" akajibu, akafurahi, akamwaga maneno mengine mengi ambayo sikuelewa hata moja. Kisha akaingia kwenye Kiswahili. "Lala popote. Shamba ni kubwa."

Mume wangu alichagua mahali palipoinuka, peupe, kwa sababu alitaka tuone mbali. Nilimkumbusha maneno ya mama wa dukani kuhusu upepo. Akasema huo ni upepo wa kwao, huku ni kwingine. Alipiga vigingi, akafunga kamba, akasimama nyuma akilitazama hema lake kama mtu aliyemaliza nyumba ya ghorofa. Tulikuwa tumegeuka kuchukua blanketi tuliposikia mlio kama wa turubai la lori linapofunguka. Upepo ulikuwa umeingia mlangoni ukajaza hema lote. Kigingi kimoja kiling'oka, kisha cha pili, na hema likaondoka.

Lilikimbia. Sina neno jingine. Lilibiringika kwenye nyasi kuelekea bomani na sisi nyuma yake, mimi nimeshika sketi, yeye anakohoa na kucheka kwa pamoja, mbuzi wakitawanyika mbele yetu. Mama wa boma alikuwa akikamua. Alisimama, akaweka kibuyu chini pasipo haraka, na hema lilipomfikia akalikanyaga kwa kandambili zake za tairi. Likasimama.

"Nani amejenga hii nyumba?" akauliza.

Nikamwonyesha mume wangu, aliyekuwa ameinama akitafuta pumzi.

Yule mama akatikisa kichwa hadi shanga za masikioni zikalia. "Ndiyo maana. Kwetu nyumba inajengwa na mama. Wewe mzee, kaa hapo."

Mume wangu, aliyewahi kusimamia wanaume arobaini, akakaa juu ya jiwe. Mimi na yule mama tulilibeba hema hadi nyuma ya ua wa miiba, mahali ambapo upepo haukufika. Alinionyesha kuinamisha vigingi, vichwa vikitazama nje, na kuweka mawe juu ya pindo la turubai. Hatukuelewana maneno mengi lakini mikono yetu ilielewana. Tulipomaliza alilisukuma hema kwa bega lake lote. Halikutikisika. Akanipiga mgongoni, akacheka, akarudi kwa ng'ombe wake.

Usiku ule nililala kama jiwe.

Siku ya pili ndiyo iliyonibadilisha. Tulitoka Mashuru tukaangukia barabara kuu ya Mombasa, tukaishika hadi Emali, kisha tukakata kulia kuelekea Oloitokitok. Siku hizo lami haikuwa imefika huko. Barabara ilikuwa vumbi laini kama unga, na malori ya nyanya na vitunguu yalipishana nasi yakiacha wingu ambalo halikutua hadi lori lingine lije. Tulifunga vioo, vumbi likaingia chini ya milango. Mume wangu alianza kukohoa. Mwanzoni alikohoa kidogo, mkono mdomoni. Baada ya saa moja kikohozi kilikuwa kinamkunja juu ya usukani, na pikapu ikawa inayumba kila kilipomkamata.

Alisimamisha gari kando. Alikuwa na jasho, midomo imegeuka rangi ya jivu. Nilimpa maji, nikamfunga leso yangu yenye unyevu puani na mdomoni. Mbele yetu barabara ilianza kupanda, na hapakuwa na nyumba pande zote mbili.

"Turudi," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akafungua mlango, akazunguka pikapu polepole ameshikilia bodi, akaja upande wangu, akafungua waya. "Sogea," akasema ndani ya leso. "Wewe ndiye dereva."

"Mimi? Hii barabara?"

"Uko na leseni au hauna?"

Nilisogea. Mikono yangu ilikuwa na jasho kiasi kwamba nilipangusa usukani kwa sketi. Gari lilizimika mara mbili kabla ya kuondoka. Mara ya tatu liliruka kama sungura, likashika njia. Lori la kwanza liliponijia nilipiga kelele, lakini mikono yangu haikuuachia usukani. Yeye alinena neno mojamoja ili asichoke: "Gia ya pili." "Acha ipite." "Usikanyage breki kwa vumbi." Kisha baada ya muda akanyamaza, na nilipomtazama kwa jicho la pembeni niliona ameegemeza kichwa, macho wazi, anatazama nje kama abiria.

Kulikuwa na mahali maji ya mvua za Aprili yalikuwa yamekata barabara. Magari yalishuka bondeni na kupanda upande wa pili kwenye mawe yaliyolegea. Nilisimama juu nikatazama chini. Nyuma yangu lori lilipiga honi. Nikaweka gia ya kwanza. Tulishuka mitungi ikigongana, tukafika chini, nikakanyaga mafuta, magurudumu yakatafuna mawe, pikapu ikarudi nyuma kidogo, na moyo wangu ukarudi nayo.

"Usiachilie!" akasema.

Sikuachilia. Mawe yaliruka, injini ililia kama ng'ombe, tukapanda. Tulipofika tambarare nilisimamisha gari, nikashuka, nikaenda mbele nikaipiga boneti kofi kama mtu anayempongeza punda. Dereva wa lori alitupita akanipungia mkono mkubwa kutoka dirishani. Nimepewa vyeti maishani, lakini ule mkono nauweka juu ya vyote.

Tulifika miteremko ya Oloitokitok saa kumi jioni. Kule baridi ilikuwa nyingine na udongo mweusi, mifereji ya maji ikipita kati ya mashamba ya vitunguu na maharagwe. Hewa haikuwa na vumbi, na kikohozi kikapungua mbele ya macho yangu. Mlima wenyewe, ule wa theluji niliouona mdogo kutoka Kitengela, haukuonekana. Mawingu yalikuwa yameuziba wote, kiasi kwamba mtu asiyeujua angeapa hakuna kitu kule. Mkulima mmoja, mama mjane aliyekuwa akirudi na jembe begani, alituruhusu kupiga hema mwisho wa shamba lake. Safari hii nililisimamisha mimi. Mume wangu alishika kamba nilipomwambia ashike.

Nyuma ya shamba lile kulikuwa na kilima, kimesimama peke yake, duara, pande zake zimeteremka sawasawa na juu kimekatwa kama kichwa cha yai. Nilikitazama nikasahau omena jikoni. Nilikuwa nimekichora mara mia.

"Mama," nikamwuliza yule mkulima, "juu kuna nini?"

"Shimo," akasema. "Kubwa. Njia ya mbuzi inafika. Ni saa moja kwa mtu mzima." Akamwangalia mume wangu, aliyekuwa ameketi na blanketi mabegani. "Huyo abaki na mimi, nitampikia uji."

Alisema kwa huruma, na hakujua amegusa wapi. Alfajiri nilipoamka mume wangu alikuwa amekwisha kuvaa viatu vyake vya machimbo, ameketi nje ya hema, anakata fimbo.

Tulianza kupanda umande ukiwa bado kwenye nyasi. Yule mama alitusindikiza hadi njia ya mbuzi inapoanzia, akatuacha. Mwanzo ulikuwa rahisi, kisha njia ikasimama wima. Hatua ishirini, tunapumzika. Hatua ishirini, tunapumzika. Nilisikia kifua chake kikipiga mluzi. Nilibeba maji, leso, na hofu ambayo sikuweza kuitaja. Nilikuwa nikihesabu umbali wa kuteremka naye nikimbeba, na umbali kutoka pale hadi gari, na kutoka gari hadi zahanati ya karibu.

Nusu ya njia kikohozi kilimkamata vibaya. Aliketi chini, kichwa kati ya magoti. Nilimshika mgongo nikahisi kila ubavu. Kilipomwachia alikuwa na machozi machoni.

"Yatosha," nikasema. "Tumefika mbali. Turudi, tafadhali. Mimi nimeridhika."

Chini yetu shamba la vitunguu lilikuwa dogo kama leso, na hema letu la kijani kama jani juu yake.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimefanya kazi ndani ya shimo miaka kumi na tatu. Kila siku nashuka, natazama juu, naona kipande cha anga. Sijawahi kusimama mahali pa juu nikatazama chini. Hata siku moja." Akapumua. "Kama ni kuchoka, nimechoka. Lakini sijafa. Nyinyi nyote mnaniangalia kama mtu aliyekufa akasahau kuzikwa. Hata wewe."

Ilikuwa kweli. Tangu atoke hospitalini nilimbebea maji ya kuoga, nilimkatia nyama, nilimjibia maswali aliyoulizwa na wageni. Nilidhani ule ndio upendo, na labda ulikuwa, lakini ulikuwa umemfunika kama blanketi zito.

"Basi usinitangulie," nikasema. "Mimi ndiye nimechoka."

Akacheka bila sauti. Akanyoosha mkono nikamvuta, na sijui hata leo nani alimvuta mwenzake. Tulienda sasa hatua kumi kumi. Njia ilipokuwa mbaya alisimika fimbo yake, nami nikashika upande wa pili. Nyasi zikawa fupi, mawe yakawa mekundu na mepesi, yenye matundu kama mkate. Niliokota moja nikamwekea kiganjani. Yeye aliyejua mawe maisha yake yote alilipima mkononi kwa mshangao.

"Hili jiwe halina uzito!"

"Ni povu la moto," nikamwambia. "Liliganda likiwa na hewa ndani."

Aliligeuza, akalinusa, akalitia mfukoni.

Kisha njia ikaisha. Hapakuwa tena na mahali pa kupanda. Tulikuwa tumesimama kwenye ukingo, na mbele ya miguu yetu ardhi iliingia ndani kama bakuli kubwa, kijani kibichi, mviringo usio na kasoro. Na chini kabisa, ndani ya volkano, mbuzi weupe walikuwa wakila nyasi. Pale ambapo kwa miaka kumi na moja nilipaka chaki nyekundu, palikuwa na mbuzi.

Nikaanza kucheka, kisha nikalia, kisha vyote viwili. Mume wangu alikuwa amesimama miguu imeachana, mikono kiunoni, kama alivyosimama zamani akiwa msimamizi. Kifua chake kilipanda na kushuka. Alijaza hewa mara moja, mara mbili, akaweka mikono mdomoni, akaita.

"Ooooi!"

Ilianza ikikwaruza, kisha ikafunguka. Ilikuwa sauti yake. Sauti yenyewe, ile niliyoisikia siku ya kwanza nilipopita kando ya machimbo nikauliza ni nani anayepiga kelele hivyo. Ukuta wa pili wa shimo ukaipokea ukairudisha. Mbuzi wote wakainua vichwa kwa pamoja. Alinigeukia macho yamemtoka, kama mtu aliyekuta kitu chake kilichoibwa.

"Umesikia?"

"Hata Kitengela wamesikia."

Akaita tena. Nikaita naye. Tuliita hadi mchungaji wa wale mbuzi, mzee mmoja aliyekuwa amelala kivulini upande wa pili, akasimama akatupungia fimbo. Na ni wakati huo, tulipokuwa tumegeuka upande wa kusini kutafuta mahali pa kuketi, mawingu yalipoachana. Hayakuondoka yote. Yalifunguka kama pazia linalovutwa na mtu anayechungulia, na mlima mkubwa ukawa pale, karibu, juu zaidi ya mahali nilipokuwa nikitazama, theluji yake ikiwa na mistari ya kijivu na kivuli cha samawati. Hakuna chaki yenye rangi ile. Nilishika mkono wa mume wangu wenye sugu tukatazama mpaka pazia likarudi.

Tulikaa juu hadi jua likawa kali. Tulikula viazi vya kuchemsha vilivyopoa na chumvi kwenye karatasi. Alinieleza, kwa mara ya kwanza, usiku wa hospitalini alipodhani hataona asubuhi, na kile alichojiahidi. Sitakiandika hapa. Nilimwambia nami mambo yangu. Hakuna aliyetukatiza.

Tuliposhuka, yule mama mkulima alikuwa amesimama palepale alipotuacha, jembe mkononi, ingawa shamba lake lilikuwa upande mwingine. Nadhani alikuwa akitungoja. Alimtazama mume wangu kutoka viatu hadi kichwa.

"Umefika?" akamwuliza.

"Nimefika, mama," akajibu kwa sauti iliyowarusha ndege kwenye mahindi. "Na njaa imenifika pia. Uji sitaki. Kuna ugali?"

Kulikuwa na ugali. Alikula kama watu watatu, na yule mama alisimama mlangoni na mwiko akimtazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda dau.

Tulilala pale siku mbili zaidi. Siku ya kurudi niliingia upande wa dereva bila kuuliza, naye akafunga waya wa mlango wa pili. Nilivuka lile bonde la mawe mara moja tu, bila kuzimika. Kwenye barabara kuu, karibu na Emali, askari polisi alitusimamisha. Alizunguka pikapu, akainua turubai, akachungulia. Aliona jiko, sufuria nyeusi, na blanketi zilizojaa nyasi.

"Mmetoka wapi?" akaniuliza.

"Oloitokitok."

"Mmebeba nini? Vitunguu?"

"Hakuna kitu, afande."

"Watu hawaendi Oloitokitok wakarudi bila kitu." Akaja dirishani akatuangalia vizuri, nywele zetu nyekundu kwa vumbi, midomo imepasuka kwa baridi. "Mlienda kufanya nini?"

Mume wangu aliinama mbele yangu kuelekea dirisha.

"Tulienda kupanda mlima," akamwambia, kwa sauti iliyosikika hadi kwa gari la nyuma. "Mimi na bibi yangu."

Yule askari alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha mgongo, akatupigia saluti. Nikaweka gia ya kwanza, tukaondoka.